Mwanamke wa Chai

Jumanne, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mhariri wa picha alisogeza kikombe chake mbali na mashine, akafuta vidole kwenye suruali, akamwita Mtangazaji aje aone kitu. Kituo cha runinga kilikuwa kinasafisha filamu zote kumi na moja za Mtangazaji ili zionyeshwe upya, kwa kuwa mzee mzima alikuwa anatimiza miaka thelathini kazini. Siku hiyo ilikuwa zamu ya filamu ya kwanza. Hakimu ameketi, mshtakiwa analia, na nyuma yao anapita mwanamke mwenye sweta ya kijani na chupa ya chai, ananyata ili asiharibu sauti.

"Huyu hakuwamo," mhariri alisema. "Filamu hii nimeitazama mpaka nimekinai. Unamjua, Mzee?"

"Ni mke wangu."

Mke wake alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Mhariri alimpa pole, ya pili, maana ya kwanza aliitoa msibani, kisha akauliza kama amwache au amkate. Shida ilikuwa fomu: kila anayeonekana kwenye picha sharti awe amesaini. Wakakubaliana wamwache kwanza, mengine wataona huko mbele.

Huko mbele nako alikuwepo. Katika filamu ya pili alipita kati ya polisi wawili na kuwaomba njia. Katika ya tatu alimnyooshea bwana harusi kola, jambo ambalo lilihitajika tangu zamani. Katika ya nne kulikuwa na mwigizaji aliyekunywa kikombe kitupu kwa dakika sita nzima, kwa sababu siku ile hawakuwa na hata sukari. Sasa mwanamke alikuja akammiminia, na mvuke ukapanda.

"Halafu tazama midomo," mhariri alisema.

Midomo ya mwanamke ilikuwa inatamka maneno ya waigizaji, neno kwa neno, kabla wao hawajayasema. Mtangazaji aliomba ruhusa atoke nje kidogo.

Sasa hapa inabidi lisemwe lile ambalo watu wa nyumba yake walilijua na wengine wote hawakulijua. Hadithi zile hakuzitunga yeye. Alikuwa na sauti nzuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alianza kwa kusoma matangazo ya vifo na vitu vilivyopotea, akapewa kipindi cha jioni chenye makochi yaliyotoka nyumbani kwake, na watu wakamwita Baba Sebule. Lakini kutunga, hapana. Mkewe ndiye aliyeandika, kwa penseli, kwenye daftari za shule, jikoni, mguu mmoja ukizuia mlango ili mtoto asitoke. Filamu ya kwanza mdhamini alitaka jina moja tu, linalojulikana. "Ya pili tutarekebisha," Mtangazaji alimwambia mkewe. Ya pili alisahau. Kuanzia ya tatu hakuwa anasahau tena.

Alipoulizwa hadithi anazitoa wapi, alikuwa na jibu lake moja, na lilichekesha kila mara. "Zinanijia nikioga," alisema. Mkewe alikuwa akitazama kipindi nyumbani, anakunja nguo. "Na maji ya kuoga nakuchemshia mimi," aliiambia runinga, akaendelea kukunja. Hakuwahi kugomba. Mara moja tu, hospitalini, alimshika mumewe mkono wa shati.

"Siku ukipata nafasi, niandike," alisema. "Hata kwa herufi ndogo."

"Pona kwanza, mke wangu. Hayo yatakuja."

Akatazama saa, maana watu wa poda walikuwa wanamngoja studio. Alikuwa hewani, anacheka na mgeni wake, mkewe alipokata roho.

Filamu zilianza kurushwa, moja kila Jumapili mchana, na watazamaji hawakuona ajabu. Walipiga simu kusema yule mama wa chai anaigiza vizuri kuliko wengi wanaolipwa, na kuuliza sweta kainunua wapi. Mtangazaji alizitazama nyumbani, kiti kimesogezwa hadi karibu na kioo cha runinga. Mkewe alifuta meza, akaokota gazeti lililoanguka, akamfunika blanketi mtoto wa watu. Alimtazama kila mtu. Upande wa kamera, aliko mumewe, hakugeuka hata kwa bahati mbaya. Mama huyu kununa alikujua tangu akiwa hai. Angeweza kukupakulia chakula wiki nzima bila kukupa jicho.

"Nigeukie basi, mama," Mtangazaji aliiambia runinga. "Mara moja tu. Nimekukosa jamani." Akalia, mtu mzima, shati la nyumbani limelowa kifuani. Mkewe alichukua vikombe vichafu akatoka navyo.

Binti yao, ambaye ni muuguzi, alimkuta hivyo. Akakaa kwenye mkono wa kiti, bado kavaa viatu vya kazini, wakamtazama mama yake akipita.

"Amekununia, Baba."

"Naona."

"Basi sema. Jumamosi wanakufanyia sherehe, utakuwa hewani, watu wote masikio kwako. Sema tu hizi hadithi alizitunga mama. Hakuna atakayekula nyama yako."

"Nitasema."

"Baba."

"Si nimesema nitasema?"

Na alikuwa na nia kweli, tusimwonee. Wiki nzima alifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, na yalimtoka vizuri, kwa ile sauti yake.

Sherehe ilianza saa kumi alasiri. Mkurugenzi wa kituo alikaa mstari wa mbele na wadhamini, binti wa Mtangazaji mstari wa pili. Mwendesha kipindi alikuwa dada mchangamfu aliyevaa njano. Kwenye skrini kubwa nyuma ya kochi walionyesha ile mahakama ya filamu ya kwanza, na mwanamke akaingia na chupa yake kama kawaida.

"Baba Sebule, tuambie leo," dada alisema. "Hadithi zote hizi zilitoka wapi?"

Kwenye skrini mwanamke alisimama. Aliweka chupa chini, akafuta mikono kwenye sweta, akageuka. Hakimu akasita, mshtakiwa akaacha kulia, kila mmoja akampisha. Alimtazama mumewe usoni, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa anasubiri.

Mtangazaji alimwona. Alifungua mdomo. Aliwaona pia wadhamini, na mkurugenzi, na watu waliokuwa wameanza kutabasamu mapema kwa sababu jibu wanalijua, akaogopa. Hakuna namna nyingine ya kulieleza.

"Zinanijia nikioga," alisema.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwanamke aliinama akachukua chupa yake, akatoka. Mstari wa pili kiti kimoja kilikuwa wazi.

Jumatatu asubuhi Mtangazaji alikuwa ofisini kwa mkurugenzi kabla ya mfagiaji. Alisema yote, kwa kunong'ona, kofia mapajani. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho.

"Mzee wangu, juzi umesema bafuni, hewani, watu wote wamesikia," alisema. "Leo niandike alitunga mama? Watatuita waongo, mimi na wewe."

"Basi hata kwa herufi ndogo."

"Ila watu wanampenda, hilo kweli. Na tunamwonyesha bila fomu, si vizuri. Ngoja tumwingize kwenye majina ya mwisho." Akatoa karatasi. "Wewe ndiye wa karibu yake, saini hapa."

Palikuwa na mahali pa kujaza kazi. Mkurugenzi alikuwa ameshajaza mwenyewe. Mtangazaji aliisoma, akaona angeweza kukataa, akasaini.

Jumapili saa nane mchana walirusha tena filamu ya kwanza. Binti hakuja, na simu hakupokea. Filamu ilikwisha, skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda. Mwanamke akaingia kutoka pembeni. Aliweka chupa chini, akasogea karibu, na majina yakapunguza mwendo kumngoja.

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kuanzia juu. Penye hadithi alikuta jina la mumewe, kwa herufi kubwa, akakaa hapo kidogo, akaendelea. Waigizaji. Wapiga picha. Mshona nguo. Dereva. Chini kabisa, baada ya dereva, akajikuta: Chai, mke wa Mtangazaji.

Mtangazaji alikuwa amepiga magoti mbele ya runinga. "Nisamehe," alisema. "Mama, nisamehe."

Mwanamke hakugeuka. Alirudisha kidole juu kabisa, akaanza kusoma upya, polepole zaidi, labda kuna mstari aliouruka.