Pugu Haikimbii

Kwenye kaunta buku la Tupokigwe kulikuwa na dunia ambayo majirani zake wa Mwananyamala hawakuwa na habari nayo: ziwa la maji ya rangi ya waridi huko Australia, shimo la moto usiozimika Turkmenistan, kijiji cha Japani ambako mama mmoja hushona midoli mikubwa ya vitambaa kujaza nafasi za majirani waliohama na waliokufa. Mwalimu wa jiografia huyo hakuwa na hata pasipoti. Aliandika tu, ukurasa kwa ukurasa, na sheria yake ilikuwa moja: alama ya vema, ya kalamu nyekundu, haiwekwi mpaka mtu afike kwa miguu yake.

Kwa miaka kumi na tisa, kwa jinsi mumewe alivyojua, hakukuwa na vema hata moja. Mume huyo, Fredrick, karani wa ghala Mikocheni, ndiye aliyeahidi safari ya kwanza. Wangeanzia karibu, kwenye mapango ya popo ya Pugu, yaliyochimbwa kwenye udongo mweupe. Hapo ndipo walipokosea, maana cha karibu hakiendewi. Leo mvua, kesho kikao cha ukoo, keshokutwa mechi ya watani wa jadi wa soka.

"Mama Gladi, Pugu haikimbii," Fredrick alikuwa akimwambia, na mkewe akicheka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini Tupokigwe hakulalamika hata siku moja. Kisha presha ikampanda Jumanne akiwa darasani, na Alhamisi alikuwa ameshafariki.

Ikabidi mwili usafirishwe kwao Tukuyu. Asubuhi ya safari, jeneza likiwa limeshapakiwa kwenye basi dogo la Kosta, Fredrick alimshika mkono Ambakisye, kaka wa marehemu na msemaji wa familia, akaomba wapitie Pugu kwanza. Ambakisye alidhani msiba umemchanganya.

"Shemeji, marehemu hatembezwi," alisema kwa upole. "Wazee wanamsubiri nyumbani."

Fredrick alilia tu, mbele za watu, kamasi na machozi, yeye ambaye hata msibani kwa mama yake mzazi alijikaza. Ambakisye akatazama chini, kisha akamwambia dereva wasimame dakika kumi kwenye geti la msitu wa Pugu, halafu wakatokee Mbezi kuendelea na safari.

Njiani Fredrick akatoa lile kaunta buku na kalamu nyekundu ya mkewe. Angalau azikwe na vema moja. Alipofungua ukurasa wa Pugu, akakuta vema ipo tayari. Chini yake, kwa mwandiko wa ubaoni, kulikuwa na tarehe ya miaka minne iliyopita, Jumamosi ya mechi ya watani, na maneno haya:

"Nimechoka kungoja, nimekwenda mwenyewe. Nimeaga kwamba nasimamia mtihani. Fredi asijue, ataumia. Siku akinileta nitajifanya ndio mara ya kwanza."

Alisoma mara tatu. Moyo ulimuuma kuliko ulivyomuuma Alhamisi. Jioni ya Jumamosi ile alirudi kutoka kwenye mechi akishangilia mabao, akavikuta viatu vya mkewe mlangoni vimejaa udongo mweupe, na hakuuliza.

Kosta ikasimama getini. Ambakisye akaangalia saa, akamwambia taratibu kwamba afanye alichokuja kufanya. Fredrick akalifunika kaunta buku, akapiga magoti kando ya jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Mama Gladi, tumefika," alisema. "Jifanye hujawahi kupaona."