Mji Aliotoa Nahashon

Bwana Acharya hakuajiriwa kufundisha mtu. Aliajiriwa kusimamia madereva wa kampuni moja ya kusafirisha samani, yenye yadi nyuma ya Batha, Riyadh. Lakini mzee alikuja kutoka kwao India na kichwa kilichojaa mafumbo ya Kisanskriti, yote ya mashairi, yote ya kurithi kwa babu yake, na kichwa kama hicho lazima kimwagwe mahali. Kikamwagwa juu ya madereva.

Kila asubuhi, kabla hajakupa karatasi ya safari, anafumba macho, anaimba ubeti, halafu anakutafsiria polepole kama anayemlisha mgonjwa uji. Dereva asiyeweza fumbo, alisema, ataionaje njia ya kutokea kwenye barabara kuu? Loh! Utadhani vibao vya Riyadh vimeandikwa Kisanskriti.

Nahashon alivumilia. Mkewe, Keziah, alikuwa mfanyakazi wa ndani huko Ruwais, Jeddah, na mwezi wa kumi na nne ulikuwa unakatika hajamtia machoni. Nchi moja, kafili, yaani mwajiri mdhamini, tofauti, kilomita karibu elfu moja katikati. Halafu, Mungu si Athumani, tawi la Jeddah likataka dereva mmoja. Madam wa Keziah akakubali kuwa mume akihamia, watakuwa wakionana kila Ijumaa. Kilichobaki ni jina tu, na mwenye kuchagua jina ni nani? Acharya. Naye, mtu wa haki kupita kiasi, akatangaza kwamba atachagua kwa fumbo.

Walioomba nafasi ni wawili: Nahashon, na Mkenya mwenzake Danson, ambaye Jeddah hakuwa na mke wala shangazi. Alitaka tu kuona bahari.

Siku ilipofika, Acharya akafumba macho, akaimba, akatafsiri. "Kina meno lakini hakitafuni. Hulala mfukoni lakini si pesa. Kikizunguka mara moja, mlango wa tajiri hukitii. Ni nini?"

Danson akanyamaza, alijaliwa akili ya kunyamaza. Nahashon akakuna kichwa kwa ufunguo wa lori, akawaza, akakuna tena.

"Nimeshindwa, bosi. Nikupe mji?"

"Mji gani?"

Hapo sasa ndipo alipojichimbia. Badala ya kufunga mdomo, akaeleza kwa madaha kwamba kwao, anayeshindwa kitendawili humpa mtegaji mji. Mtegaji akiridhika, anaupokea na kutoa jibu. Asiporidhika anaukataa, nawe unatoa mwingine. Acharya macho yakamng'aa. Miaka arobaini ya mafumbo, na hakuna aliyewahi kumpa hata kijiji!

"Nipe!"

"Nakupa Dammam."

"Siitaki. Shemeji yangu anaishi huko."

"Haya, Tabuk."

"Mbali."

Madereva wakacheka hadi wakapiga mapaja. Nahashon akapandwa na mori wa utotoni, wa jikoni kwa nyanya yake, ambako kutoa mji wa hovyo kulikuwa aibu ya wiki nzima. Akasimama wima.

"Basi nakupa Jeddah! Yote, na bahari yake!"

"Nimepokea," akasema Acharya. "Jibu ni ufunguo." Kisha akavuta fomu, akaandika huku akisoma kwa sauti: Nahashon ametoa Jeddah kwa hiari yake, mbele ya mashahidi kumi na mmoja. Aende Danson.

"Bosi, ule ni mchezo tu!"

"Mchezo?" Acharya aliumia kwelikweli. "Mimi sichezi na mila za watu." Muhuri ukagongwa. Halas, imekwisha.

Ijumaa saa nane mchana, Keziah alipoachiwa simu, Nahashon akamweleza yote bila kuficha.

"Baba Eric, ukampa mji nilio ndani yake mimi?"

"Nilizidiwa, Mama Eric. Mingine aliikataa."

"Na Riyadh?"

"Riyadh imefanya nini?"

"Ungempa Riyadh! Aandike umeitoa kwa hiari yako, mbele ya mashahidi wake. Haya, niambie, mtu aliyetoa Riyadh wangemweka wapi?"

Nahashon akakaa chini ukingoni mwa barabara, juani vile vile. Jambo lilikuwa rahisi mno hata machozi yakamlenga, mwanaume mzima na leseni yake ya lori.

"Haikunijia," akasema. "Ukitoa mji unatoa ule unaoupenda. Hapa mimi sipapendi."

"Najua hupapendi." Sauti yake haikuwa tena ya kugomba. "Mimi nilishafua lile gauni la kijani la kukupokea. Tangu Jumatano."

Madam akaita kutoka ndani. Keziah akasema abee, akakata simu.