Ndiyo Iliyotoka Ukomo

Nchi ya Tandavu ilikuwa pana hata mvua ikinyesha Kitovu, makao makuu, watu wa Ukomo, jimbo la mwisho mpakani, waliipata kama hadithi. Nayo ilijigamba kuwa jamhuri halisi, isiyoamua jambo bila kumuuliza kila raia. Swali lilitoka Kitovu mdomoni mwa mpiga mbiu, likazunguka majimbo yote likila na kulala kwa wakuu wa majimbo, na jibu likarudi kwa mwendo uleule wa tumbo zito. Lilipofika, swali lake lilikuwa limeshasahaulika. Basi waheshimiwa wa Baraza wakaweka mila: jibu likiingia ukumbini, ni la swali lililo mezani. Raia waliwahi kuulizwa kama watoto wao wanalala na njaa. Wakaitika ndiyo, maskini, kwa uchungu wote. Ndiyo hiyo ikaingia siku waheshimiwa wanajiuliza kama waongezewe posho. Wakaongezewa.

Bi Mwadawa, mjumbe wa Ukomo, aliyajua hayo. Kwao wajukuu zake walilamba umande kwenye majani. Baraza lilishakubali mara kadhaa wachimbiwe kisima, na kila mara wachimbaji walikula masurufu yao jimbo la kwanza wakageuza. Mpiga mbiu alipokuja kuuliza, “Je, mna kiu?” Bi Mwadawa aliitika ndiyo pamoja na majirani, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya mkato. Alimpita mpiga mbiu yule akiwa kwenye sinia la pilau kwa mkuu wa jimbo.

Alipofika ukumbini meza ilikuwa tupu. “Nina swali,” alisema.

“Weka, mama, weka,” alijibu Mheshimiwa Shibe, mwenyekiti wa Baraza, huku akichokonoa meno. “Hapa swali halijamkosesha mtu usingizi.”

“Je, Baraza lihamie Ukomo?”

Walicheka mpaka wakafuta machozi, wakaliacha swali mezani, wakasinzia. Hawakuamka mpaka mpiga mbiu alipoingia akihema.

“Wananchi wote wamesema ndiyo.”

“Ndiyo ya swali gani?” aliuliza Shibe. Tangu Tandavu iwe jamhuri, hakuna mheshimiwa aliyewahi kuuliza hivyo.

“La mezani, mheshimiwa,” alisema Bi Mwadawa. “Mila ni yenu.”

 Kuikana mila ilikuwa kuikana na posho, na posho, jamani, ni chungu kuikana. Wakafunga mizigo. Bi Mwadawa alitembea mbele bila kujua kama watu hawa, koo zikiwakauka, watachimba kisima au watawanyang'anya wajukuu zake hata ule umande.

Siku paa za Kitovu zilipopotea nyuma yao, Shibe alimsogelea, midomo imempauka.

“Bi Mwadawa, tukikwama huko bila maji, nani atatusikia?”

“Watu wa Kitovu, mheshimiwa. Tutamtuma mpiga mbiu.”

Shibe akageuka kumtafuta. Alikuwa mkiani mwa msafara, amekaa chini, anakula.