Subiri Msimu wa Sare

Ukitaka kumnyima mtu kitu bila kugombana naye, usimwambie hapana. Mwambie asubiri. Kitinda alikuja kulijua hilo wakati lilikuwa halimsaidii tena.

Aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama yake, na jina hilo lilimganda mpaka akaota mvi nalo. Yeye na dada yake mkubwa walikuwa na karakana ya ushonaji: chumba kimoja kirefu, meza ya kukatia upande wa dirisha, cherehani upande wa ukuta. Dada alipima na kukata, Kitinda alishona na kumalizia. Mkasi wa dada haukuguswa na mtu, na cherehani ya Kitinda hivyo hivyo. Kwa mpango huo waliishi miaka na miaka bila kuchokana, au ndivyo Kitinda alivyodhani.

Mama yao alikuwa ng'ambo kwa kaka yao, nchi ya baridi, na kumbukumbu zilikuwa zinamponyoka. Alianza kwa kusahau majirani, halafu akasahau kwamba mumewe alishafariki, akawa anauliza mbona anachelewa kurudi kazini. Mtu mmoja tu alikuwa hajampotea. Akisikia ile sauti kwenye simu, papo hapo: "Kitinda wangu, umekula?" Kitinda alikuwa akikata simu anakwenda uani kulia, kisha ananawa uso na kurudi kushona. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, afike amshike mama mkono kabla hajatazamwa kama mgeni.

Nauli ndiyo ilikuwa mlima. Hapo ndipo ilipoingia habari ya kadi. Benki yao ilikuwa na kadi ya mkopo ya wasafiri. Unanunua vitu kwa kadi, unalipa deni lako mwisho wa mwezi, na kila unachonunua kinakupa pointi zinazogeuka tiketi ya ndege. Asali yenyewe ilikuwa kwenye zawadi ya kukaribishwa: fungu la pointi linalotosha mtu mmoja kwenda na kurudi, mradi uitumie kadi kweli kweli katika miezi ya mwanzo. Usipofikisha kiwango, zawadi imekwenda na maji.

Kitinda alitaka waombe siku ile ile. Dada akamzuia.

"Mdogo wangu, tumia akili. Sasa hivi tunashona nini? Zipu na mapindo ya suruali. Tukiomba leo, hiyo miezi itakwisha hatujanunua hata jora moja. Subiri msimu wa sare. Tutanunua vitambaa vya shule zote kwa mpigo, kwa kadi hiyo hiyo, na zawadi tutaipata bila kutoka jasho."

"Na atakayekwenda ni nani?"

"Swali gani hilo? Mama alipohama mimi ndiye niliyemsindikiza. Hii zamu yako. Na wewe ndiye anayekukumbuka."

Yalikuwa maneno ya mtu mzima, tena ya haki. Kitinda alimkumbatia dada yake na futi yake ya kupimia shingoni, akamwambia hakuna dada kama yeye. Kilemba cha ukoka kikivikwa vizuri, mtu hata hasikii uzito wake.

Msimu wa sare ukafika. Majora yakaletwa, ya bluu na ya kijani, yakapangwa ukutani hadi karibu na dari. Kitinda akauliza kadi iko wapi.

"Nimelipa taslimu," dada alisema, macho kwenye kitambaa. "Nimesikia benki wataiongeza zawadi, itakuwa maradufu. Tukiomba sasa tutajuta. Subira yavuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo."

Wakacheka wote wawili. Dada ndiye aliyecheka zaidi.

Sare zilipokwisha, dada alileta kazi nyingine: koti la kike la sufu nzito, lenye bitana. Alisema ni la mteja mwenye shughuli nyingi, asiye na nafasi ya kuja kujaribu. Alikwisha kulikata. Koti la namna hiyo si mchezo, na kuunganisha mikono ya koti dada hakuweza hata kwa dawa, kwa hiyo akamkabidhi mdogo wake kama kawaida. Kitinda alilifanyia kazi kwa mapenzi. Upindo wa ndani wa mikono aliushona kwa sindano ya mkono, mishono midogo inayopandana, kama mama alivyomfundisha. Enzi zile mama alikuwa akiukagua upindo kwa kidole gumba, amefumba macho, na kidole kikikwama unafumua na kuanza upya.

Alipoivika sanamu ya kupimia koti hilo, likakaa upande.

"Dada, bega la kulia umelikata chini. Umekosea."

"Liache hivyo hivyo. Mteja ndivyo alivyo."

Kitinda akainua macho. Dada yake alikuwa ameinamia meza, mkasi mkononi, na bega lake la kulia limeshuka kama lilivyoshuka siku zote, kwa kuuinua mkasi ule mzito tangu usichana wake. Wakataji wana kasoro moja: hudhani mshonaji haoni kitu ila uzi. Na sufu nzito kama ile haivaliwi ila nchi ya baridi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na yeye nguo hiyo alikuwa ameishona mwenyewe.

"Njoo ulijaribu," alisema.

"Nini?"

"Njoo ujaribu koti lako."

Dada angeweza kukana. Hakukana. Aliuweka mkasi mezani taratibu.

"Kadi uliomba lini?" Kitinda aliuliza.

"Kabla ya majora."

"Na zawadi?"

"Nimeshakatia tiketi."

"Tunaweza kuomba nyingine?"

"Biashara moja hupewa mara moja. Benki wanasema labda baada ya miaka miwili."

Mama hakuwa na miaka miwili. Wote wawili walilijua hilo.

"Unajua mama ananiambia nini nikipiga mimi?" dada alisema, na sauti yake ikapasuka. "Ananiuliza, wewe nani, mpe simu Kitinda. Mimi niliyeacha shule nikamuuguza! Mimi niliyemwogesha! Na mimi ni mtoto wake."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa," Kitinda alisema. "Lakini ningekukatalia usoni."

Wenye mioyo laini watataka kusikia kwamba alisamehe. Hakusamehe. Alimchukia dada yake kwa chuki ambayo hakujua kama anayo, akashangaa ilivyokuwa nyingi. Koti alilimalizia, kwa kuwa kushona vibaya hakukujua, na lilipokwisha akalitundika mlangoni. Siku ya safari hakutoka kumsindikiza.

Kaka yao alipiga simu ya video dada alipofika, furaha imemjaa, hajui lolote. "Kitinda, usikate, uone mwenyewe!" Akaisimamisha simu kwenye rafu. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amekuwa mdogo, shali mabegani. Dada alisimama mbele yake na koti lake, bado hajalivua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu kwa adabu, kama anayemjibu mpita njia.

Dada alipiga magoti. Mama, kwa kukosa la kusema, akaushika mkono wa koti. Kidole gumba kikaingia ndani ya upindo, kikapita taratibu, kikasita, kikarudi kilikotoka. Akafumba macho. Uso mzima ukafunguka.

"Hii kazi ya Kitinda," alisema. "Kitinda, ni wewe?"

Karakanani, Kitinda alifungua kinywa. Dada alimtangulia.

"Ndiyo, mama. Ni mimi, Kitinda. Nimekuja."

Kitinda aliilaza simu kifudifudi juu ya meza ya kukatia, kando ya mkasi. Sauti ya mama ilimfikia kutoka chini yake, changamfu, kama zamani.

"Kitinda wangu, umekula?"