Injini ya Upande wa Kulia

Marehemu mume wangu Kamardine, Mungu amrehemu, aliniachia nyumba ya mabati hapa mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, mwanangu Abdou, na gari kubwa la Doji lililoachwa na jeshi baada ya vita, lenye viti virefu nyuma. Nyumba ilivuja na gari lilikunywa. Lilikunywa petroli kama mchanga unavyokunywa mvua. Lakini ndilo lililotulisha: kila alfajiri lilikwenda Belobaka kuwachukua wanawake wenye mboga na muhogo, likawaleta sokoni. Kamardine alipofariki, mdogo wake Saindou alishika usukani, na kila tulichopata kiliishia kwenye tangi.

"Shemeji," Saindou akaniambia, "tutoe injini hii, tutie ya dizeli. Dizeli hunywa kwa adabu."

Saindou ni fundi, sikatai. Ila ni fundi wa kukuambia "kesho" huku akitabasamu.

Nikamwandikia kaka yangu mkubwa, Youssouf, anayekaa kisiwani Nosy Be, anitafutie injini. Akaipata, na akaongeza na masharti. "Roukia, mjane hakai peke yake na chuma kibovu. Idi ikifika na gari halitembei, utafunga nyumba na kuhamia kwangu." Nikakubali, maana kaka mkubwa habishiwi. Lakini kwake napajua. Mke wake hufungia hata chumvi. Na kaburi la Kamardine liko huku Mahajanga, siyo Nosy Be.

Tulivuka mimi na Saindou, kaka akatupokea. Injini zilikuwa karibu na Dzamandzar, katika ghala la mwenye shamba la milangilangi ambaye motaboti yake ilipasuka mwambani. Motaboti hiyo ilikuwa na injini mbili na pangaboi mbili, na sasa injini zilikuwa zimelazwa chini vilevile zilivyokaa chomboni, moja kushoto, moja kulia. Saindou akachuchumaa, akaipapasa ile ya kushoto. Ilikuwa safi, haivuji.

"Hii, kaka Youssouf."

"Ya kulia," kaka akasema.

"Ya kulia ina kutu kidogo..."

"Saindou! Unakula kwa mkono gani? Msikitini unaingia kwa mguu gani? Jambo la kheri huanza kwa kulia. Chukua ya kulia, ina baraka."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamtazama Saindou nikingoja aseme neno la fundi. Akasema, "Bismillahi," akaenda kutafuta kamba.

Ikaja Mahajanga kwa meli ya mizigo, na hapo ndipo uani kwangu kulipogeuka karakana. Injini ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo wakakata chuma cha mbele. Ilikuwa nzito, gari likainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa, kwa hiyo wakaongeza springi. Matundu ya giaboksi hayakulingana na ya injini, kwa hiyo Saindou akachonga sahani nene ya chuma ya kuviunganisha, akaikosea, akachonga nyingine. Na kwa kuwa injini ile ilizoea kupozwa na maji ya bahari, ikabidi itafutiwe rejeta. Mvua ilinyesha. Kuku wangu waliacha kutaga.

Wanawake wa Belobaka walihamia kwenye lori la Fazul. Ansoifa, muuza mboga mwenye mdomo mkubwa kuliko kikapu chake, alipita kila siku kuchungulia.

"Mama Abdou, mgonjwa ameamkaje?"

"Alhamdulillahi."

"Tunakungoja mpaka Idi, mwenzangu. Baada ya hapo Fazul ametuahidi turubai jipya. Mimi nakupenda, lakini mboga zangu hazipendi jua."

Ramadhani ikaingia, ya pili tangu nchi ipate uhuru. Katikati ya mwezi Saindou aliiwasha injini kwa mara ya kwanza, gari likiwa juu ya magogo, halina magurudumu. Ikanguruma, watoto wakashangilia, na mimi nikasoma Fatiha. Lakini nilikuwa nimeanika leso kwenye kamba mbele ya pua ya gari, na leso ile ilipepea kwenda nje.

"Saindou, feni ya gari haivuti upepo ndani?"

"Huvuta."

"Mbona hii inapuliza?"

Akaitazama leso, akanitazama mimi. "Shemeji, dizeli ina pumzi nyingi."

Nilikuwa na saumu, na saumu haina matusi. Nikameza.

Siku mbili kabla ya Idi kaka Youssouf akashuka bandarini na kanzu mpya na kufuli jipya, bado limo kwenye karatasi. Akaliweka juu ya meza yangu bila kuulizwa. "La mlango," akasema.

Baada ya sala ya alasiri mtaa mzima ulijaa uani. Saindou alijifuta mikono, akapanda, akawasha, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza. Gari likatikisika, kisha likaenda. Nyuma. Likalivunja banda la kuku, kuku wakaruka mpaka kwa jirani.

"Umetia rivasi!" kaka akapiga kelele.

"Nimetia ya kwanza!"

"Basi tia ya pili!"

Akatia ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi, likalala kwenye ukuta wa jikoni.

Ansoifa alikuwa amekaa chini, analia kwa kicheko. "Jamani! Mama Abdou amenunua kaa! Kaa wa Mahabibo!"

Saindou hakucheka. Alishuka, akafungua boneti, akaitazama feni ikizunguka muda mrefu. Akazima. "Motaboti yenye injini mbili," akasema polepole, "zikizunguka upande mmoja, chombo huvutwa pembeni. Kwa hiyo moja huzungushwa hivi, na mwenzake kinyume. Hii ndiyo ya kinyume."

"Na ile nyingine?" nikauliza.

"Ile ingekuwa sawa na ya gari."

"Ile ya kushoto."

"Ya kushoto, shemeji."

Kaka Youssouf akarekebisha kofia yake. "Hata hivyo, kulia ndiko kwenye baraka."

Miezi yote ile nilikuwa nimemeza. Sasa ikatoka. "Kaka, msikitini tunaingia kwa mguu wa kulia, kweli. Na msalani tunaingia kwa mguu gani? Mtume hakutufundisha kuipenda kulia tu, katufundisha kila jambo na upande wake. Umemchagulia fundi chuma kwa adabu ya kula wali!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kaka akakunja uso. "Maneno mengi. Gari halitembei. Funga sanduku."

"Naweza kuligeuza difu la ekseli juu chini," Saindou akasema, "magurudumu yatazunguka sawa. Lakini siyo kabla ya Idi."

Nikamuuliza, "Doji lina rivasi ngapi?"

"Moja."

"Ukitia rivasi sasa, litakwenda wapi?"

"Mbele. Lakini polepole, shemeji! Gia hiyo haina mwendo."

"Kaka alisema litembee. Hakusema likimbie."

Kulipokucha, tulipokwisha sali, tukaondoka kwenda Belobaka kwa rivasi. Mimi nilikaa mbele, na kaka nikamketisha katikati aone mwenyewe. Giaboksi ililia njia nzima kama mbuzi aliyefungwa. Fazul alitupita akienda, akatupita akirudi, kila mara akipiga honi. Nilivuta tasbihi yangu wala sikugeuza shingo. Feni ilipuliza kinyume, rejeta ikachemka, na aliyekuwa hana kazi garini ni mmoja tu. Kaka Youssouf, na saumu yake na kanzu yake mpya, alishuka na ndoo kwenda mtaroni. Mara ya tatu hakungoja nimwambie.

Belobaka Ansoifa alikuwa amesimama na vikapu vyake, na wenzake nyuma yake. Hawakupanda lori la Fazul.

"Tulitaka kuona kama kaa atafika," akasema.

"Amefika. Unapanda au hupandi?"

"Napanda. Hivi hata nikishuka kukojoa nitalidaka."

Wakapanda wote, wakicheka. Tulifika sokoni jua limekwisha panda, mboga zimelegea, na hakuna aliyedai kitu.

Baada ya Idi Saindou aligeuza difu na kufua feni nyingine, na sasa Doji lina gia nne za mbele kama magari ya watu. Kaka alirudi Nosy Be peke yake. Wakati wa kuaga alitafuta kufuli lake juu ya meza asilione.

"Roukia, lile kufuli liko wapi?"

"Kwenye tangi la dizeli," nikamwambia. "Halikuwa na kufuli."