Kiti cha Sirad

Sirad aliteremka basi la kutoka mtaa wa Nechells, huko ughaibuni, akiwa amekumbatia chupa ya mpira ya maji moto chini ya jilbabu. Kwenye kliniki ya utafiti alikaribishwa, akaketi, na miguu ya kiti ikaanza kuzama sakafuni. Mhudumu wa mapokezi alimwomba asogee kidogo, asiharibu zulia.

Ilikuwa hivyo tangu ziara ya kwanza. Kila alipoketi na yale maumivu ya chini ya kitovu, kiti kilididimia taratibu, kama kijiko kwenye uji. Watafiti walishazoea, wakawa wanambadilishia viti tu. Walichunguza ugonjwa ambao utando wa mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake, na leo wangechagua wanawake wa kutiwa kamera tumboni na kukatwa kilichoota. Alama ya maumivu, sifuri hadi kumi, ndiyo ingeamua. Sirad aliitaka kamera hiyo kuliko kitu chochote. Alishazimia kazini, kwenye ghala la Tyseley, na msimamizi alimwambia akianguka tena asirudi.

Kilichomponza ni adabu. Garissa alikokulia, ukiulizwa hali unamshukuru Mungu kwanza, hata kama homa imekulaza. Malalamiko hufuata baadaye, mwenzako akikubembeleza. Hapa ughaibuni hakuna aliyebembeleza. Tena mkalimani, Néhémie wa Bukavu, alikuwa mwanamume, na mambo ya hedhi hayasemwi mbele ya mwanamume. Basi kila ziara alisema anashukuru, Néhémie akafasiri, daktari akaandika sifuri. Mficha maradhi kilio humfichua, na Sirad alilijua hilo tangu utoto.

Leo kiti kilizama mpaka magoti yake yakakaribia kidevu. Daktari aliinama ili waonane.

"Mama, maumivu iko ngapi?" Néhémie aliuliza. "Kuanzia zéro mpaka dix."

Sirad alikodolea macho ukuta.

"Kumi," alisema. "Wallahi, kumi. Kila mwezi nachanwa huku ndani, na damu haikatiki."

Néhémie alifasiri yote akitazama viatu vyake. Daktari alisikiliza kwa upole wa kweli, kisha akaeleza kwamba kumi ya mara moja tu baada ya sifuri zote zile haiwezi kutegemewa, kwa hiyo watamtoa kwenye utafiti. Alimshukuru kwa muda wake. Sirad alitamani kupiga kelele, akaitikia kwa kichwa.

Fundi wa jengo, Davinder, Sikh mzaliwa wa Nakuru, alikuja na jeki kumnyanyua. Alipima shimo, akawapigia simu wasimamizi wa jengo, akangoja jibu akiwa amepiga magoti.

"Usiogope, mama," alisema. "Wamekubali. Nimeambia wao hii sakafu imeumia sana, haiwezi ngoja. Kesho naleta chuma."

Sirad alimshukuru pia. Mlangoni Néhémie alimuuliza kama atafika nyumbani salama.

"Alhamdulillah," alijibu, na sakafu ya ukumbi ikabonyea chini ya viatu vyake.

Davinder aliziangalia zile nyayo, akapiga simu tena kuongeza vyuma.