Nani Yuko na Mtoto

Dirisha la tatu la ofisi ya mafao lilikuwa na tundu usawa wa kifua, kwa hiyo kila aliyetaka kusikilizwa ilibidi ainame. Mshona vifungo aliinama. Miaka saba alishona vifungo vya sare kiwandani, mpaka binti yake wa miaka tisa, asiyetembea wala kusema, alipoanza kuanguka kifafa kila siku. Msimamizi akamwambia achague. Alichagua. Sheria ilisema mzazi anayeacha kazi kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo atapewa fao la kukosa ajira, na mchango wake ulikatwa kwenye mshahara miaka yote saba, hata mwezi mmoja haukurukwa.

Karani alizipitia karatasi: barua ya daktari, barua ya kiwanda, picha mbili. Alikuwa na sauti ya upole, akimwita mama ingawa walilingana umri. Akampa pole ya mtoto, hata akamsifu kwa faili lililokamilika. Mshona vifungo akaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Sasa hivi mtoto yuko na nani?"

"Na bibi wa chumba cha pili. Amenishikia mara moja tu, nije hapa."

Karani akaandika. Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni akaguna.

"Dada, umejimaliza," alinong'ona. "Wenzio tunasema tumemfungia ndani."

"Basi mlezi yupo," karani alisema. "Fao ni la asiye na wa kumwachia."

Mshona vifungo akajieleza. Bibi mwenyewe haoni, choo chenyewe anakifikia kwa kupapasa ukuta. Na angemfungia mtoto ndani, si angeshtakiwa? Karani alikubali kwamba angeshtakiwa. Akasema fomu haina nafasi ya macho ya mlezi, akagonga muhuri, akapitisha nakala tunduni na kumwita mama mwingine.

Mshona vifungo alirudi nyumbani mbiombio. Alimkuta bibi sakafuni, amemfunga mtoto shuka kiunoni na ncha ya pili kajifunga mkononi, asije akampoteza. Povu la kifafa lilikuwa limemkaukia mtoto shavuni. Alikuwa anapumua.

"Leo katulia, mwanangu," bibi alisema. "Haya, wamekubali?"

Fundo la shuka lilikuwa limekaza. Mshona vifungo alipiga magoti, akaibana nakala kwa meno, akaanza kulifungua.